Tairi Kubwa na Gia za Difu: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua

Lori la chama ni mali ya wanachama wote, na msimu wa mazao ukifika ndilo linalotazamiwa na kila mkulima aliyepeleka magunia yake ghalani. Kwa sababu hiyo, uamuzi wowote unaolihusu, hata ule unaoonekana kuwa mdogo, hauna budi kupimwa kwa makini. Mojawapo ya maamuzi hayo ni kubadili saizi ya tairi. Kamati ya chama huweza kuidhinisha ununuzi wa tairi kubwa kuliko zile zilizokuja na gari, ama kwa nia ya kuliinua lori lipite penye matope na mawe, ama kwa sababu dukani kulikuwa na saizi hiyo tu, ama kwa kuamini kwamba tairi kubwa hubeba zaidi. Bei hujadiliwa kwa kirefu. Swali ambalo ni rahisi kusahauliwa ni hili: je, gia za difu zitazifaa tairi hizo?

Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo ni la lazima, na jinsi katibu wa chama anavyoweza kulijibu kwa utepe wa kupimia, chaki na hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Kazi ya difu

Nguvu ya injini hutoka kwenye giaboksi, hupita katika propela na kuingia katika ekseli ya nyuma. Ndani ya ekseli hiyo mna difu, na ndani ya difu mna gia mbili zinazoumana. Ile ndogo huitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela. Ile kubwa huitwa krauni, nayo ndiyo inayozungusha magurudumu. Idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni, hupatikana uwiano wa difu. Krauni yenye meno 37 inayoumana na pinioni yenye meno 6 ina uwiano wa 6.17. Maana yake ni kwamba propela huzunguka mara 6.17 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Uwiano wenye tarakimu kubwa, kama vile 6.83, hulipa lori nguvu ya kuvuta lakini hupunguza mwendo wake. Uwiano wenye tarakimu ndogo, kama vile 5.86, huongeza mwendo na kupunguza nguvu. Kiwanda kilichounda lori hakikuchagua uwiano huo kwa kubahatisha. Kilipima nguvu ya injini, uzito ulioruhusiwa, na ukubwa wa tairi.

Tairi nayo imo katika hesabu hiyo ingawa haina meno. Gurudumu likizunguka mara moja, lori husogea umbali ulio sawa na mzingo wa tairi. Tairi ikiwa kubwa zaidi, umbali huo huongezeka, na kwa kuwa injini ni ile ile, kinachoongezeka katika umbali hupungua katika nguvu. Ni kama mbeba mzigo anayepanda kilima kwa hatua ndefu. Mzigo ukiwa mwepesi hufika upesi, lakini ukiwa mzito magoti humlegea kabla hajafika kileleni.

Mfano wa lori moja

Tuseme chama cha msingi kina lori lililotoka kiwandani likiwa na tairi za 9.00-20 na difu ya meno 37 kwa 6, na kwamba kamati imekubali zifungwe tairi za 11.00-20 bila difu kuguswa. Kwa vipimo vya kawaida, kipenyo cha tairi ya 9.00-20 ni karibu milimita 1018, cha 10.00-20 ni 1052, cha 11.00-20 ni 1082, na cha 12.00-20 ni 1122. Tofauti ndogo huwapo baina ya kiwanda na kiwanda.

Basi kutoka 9.00-20 hadi 11.00-20 kipenyo kimeongezeka kwa milimita 64. Ekseli huinuka kwa nusu ya kiasi hicho, yaani milimita 32, sentimita tatu na kidogo. Hiyo ndiyo faida yote ya kuinuka ambayo chama kimenunua. Yafaa sasa kutazama kilichotolewa ili kuipata.

Tuseme tena kwamba tairi ya zamani, ikipimwa lori likiwa na mzigo, husogea mita 3.10 kwa kila mzunguko, na mpya husogea mita 3.30. Tofauti ni sentimita 20 tu, lakini ni zaidi ya asilimia 6, nayo hujitokeza katika mambo manne.

Kwanza ni nguvu ya kuvuta. Lori ambalo kwa gia fulani liliweza kupanda mlima likiwa na uzito wa jumla wa tani 12, sasa kwa gia ile ile litaupanda mlima huo likiwa na tani 11.3 hivi. Kilichopotea ni zaidi ya kilo 700, yaani magunia saba ya kilo 100. Katika tambarare dereva huenda asitambue. Katika barabara za milima, kama ile ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, au katika mpando wa Kitonga mkoani Iringa, atalazimika kushuka gia mapema kuliko zamani, na gia ya kwanza ikishindwa hana nyingine ya kushukia.

Pili ni klachi. Kila mara lori lenye mzigo linapoondoka mahali liliposimama, hasa penye mwinuko au tope, klachi huteleza kidogo kabla ya kushika. Tairi ikiwa kubwa, mtelezo huo huwa mrefu zaidi na joto huongezeka. Sahani ya klachi iliyotarajiwa kumaliza misimu kadhaa huweza kuungua katikati ya msimu mmoja, na aghalabu lawama humwangukia dereva.

Tatu ni spidomita. Chombo hicho huhesabu mizunguko ya propela, wala hakijui kwamba tairi zimebadilishwa. Kikionyesha kilometa 60 kwa saa, lori linakwenda karibu 64. Penye alama inayoruhusu 50, dereva anayeamini chombo chake anakwenda 53.

Nne ni breki, nalo ni jambo zito kuliko yote. Breki hukamata ngoma iliyo karibu na kitovu cha gurudumu, lakini lori husimamishwa pale tairi inapogusa ardhi. Kadiri sehemu hizo mbili zinavyoachana, ndivyo breki ile ile inavyotoa nguvu ndogo zaidi ya kusimamisha. Nguvu iliyopungua ni kama asilimia 6. Kadhalika, injini nayo hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kulizuia lori mteremkoni, kwa hiyo breki hutumiwa zaidi na hupata joto zaidi wakati huo huo ambapo uwezo wake umepungua.

Daftari la dizeli

Lipo jambo jingine ambalo makatibu wanapaswa kulielewa vizuri, kwa kuwa linagusa heshima ya mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe likipewa kipimo kibovu, huweza kusema uongo.

Kipimo cha kilometa, kama spidomita, huhesabu mizunguko. Lori la mfano wetu likisafiri kilometa 1,000 za kweli, kipimo kitaandika 939 tu. Tuseme chama kimekadiria lita 30 za dizeli kwa kila kilometa 100, na kwamba lori limetumia lita 300 katika safari hizo, sawasawa na makadirio. Katibu atachukua kilometa 939 zilizoandikwa, atapata kwamba lita 282 zilitosha, na ataona lita 18 hazina maelezo. Mwezi ujao hali itakuwa hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu kamati itakuwa na mashaka kwamba dizeli inanyonywa usiku, na dereva ataitwa ajieleze juu ya mafuta ambayo hayakuibwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo siku tairi za saizi nyingine zinapofungwa, tarehe, saizi ya zamani, saizi mpya na kilometa zilizosomwa siku hiyo ziandikwe daftarini. Tangu hapo, kilometa zinazosomwa zizidishwe kwa mzingo mpya na kugawanywa kwa mzingo wa zamani kabla ya kukadiria dizeli, nauli za mizigo au tarehe ya kubadili oili. Ieleweke pia kwamba kinyume chake kinawezekana: bila hesabu hii, wizi wa kweli nao hupata mahali pa kujificha.

Jinsi ya kupima

Ili kuchagua uwiano unaofaa, vipimo viwili huhitajika: mzingo wa tairi na uwiano wa difu iliyopo.

Mzingo hupimwa hivi. Lori lipakiwe mzigo wa kawaida na tairi zijazwe upepo unaotakiwa. Katika uwanja ulio sawa, alama ya chaki iwekwe kwenye tairi ya nyuma pale inapogusa ardhi, na nyingine ardhini. Lori liendeshwe polepole, kwa mstari ulionyooka, hadi gurudumu lizunguke mara tano kamili. Umbali kati ya alama za ardhini upimwe kwa utepe na kugawanywa kwa tano. Tairi za zamani zipimwe kabla hazijafunguliwa. Mpya zipimwe kwa namna ile ile, ikiwezekana kwa kuazima lori la chama jirani lenye saizi hiyo kabla ya fedha kutolewa.

Uwiano wa difu huweza kujulikana bila kufungua chochote. Lori likiwa tupu mahali palipo sawa, injini izimwe, na magurudumu yote yatakayobaki ardhini yazuiwe kwa mawe au magogo imara mbele na nyuma. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na ekseli iwekewe kigogo cha kuitegemeza. Gia iwekwe huru, na breki ya mkono ilegezwe. Chaki iwekwe kwenye propela na kwenye tairi iliyoinuliwa. Mtu mmoja aizungushe tairi hiyo mara 20 kamili, na mwingine ahesabu mizunguko ya propela akiwa kando, wala asilale chini ya gari. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na mizunguko 10 ya krauni. Basi idadi ya mizunguko ya propela igawanywe kwa 10. Propela ikizunguka mara 61 na theluthi mbili, uwiano ni 6.17.

Kuchagua uwiano mpya

Kanuni ni moja: uwiano wa zamani uzidishwe kwa mzingo wa tairi mpya, kisha ugawanywe kwa mzingo wa tairi ya zamani. Kwa lori la mfano wetu, 6.17 mara 3.30 gawanya kwa 3.10 ni 6.57. Huo ndio uwiano ambao ungerudisha hali kama ilivyotoka kiwandani.

Gia hazichongwi kwa kila mteja, kwa hiyo hutafutwa zile zilizo karibu. Krauni ya meno 39 kwa pinioni ya meno 6 hutoa 6.50. Meno 41 kwa 6 hutoa 6.83. Katika mfano huu 6.50 ndiyo inayofaa, kwani inakaribia mno hesabu. Ikifungwa, spidomita nayo karibu itajirekebisha yenyewe: ikionyesha 60, lori litakuwa linakwenda chini kidogo ya 61.

Huenda mjumbe akauliza kwa nini isichaguliwe 6.83 ili nguvu izidi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake hutegemea barabara. Kwa difu ya zamani na tairi za zamani, lori likienda kilometa 70 kwa saa katika gia ya juu isiyozidisha wala kupunguza mizunguko, injini huzunguka karibu mara 2,320 kwa dakika. Kwa tairi kubwa na uwiano wa 6.50 huzunguka karibu 2,300, yaani ni kama zamani. Kwa 6.83 huzunguka karibu 2,420. Chama cha milimani, ambacho lori lake hupanda na kushuka kila siku kwa mwendo mdogo, huweza kuikubali ziada hiyo. Chama kinachosafirisha mazao mbali katika barabara ya lami kitailipia kwa dizeli na uchakavu wa injini. Kwa ufupi, uwiano ukiangukia katikati ya gia mbili zinazopatikana, penye milima ichukuliwe tarakimu kubwa, penye tambarare ndefu ichukuliwe ndogo.

Mabadiliko madogo hayalazimu kugusa difu. Kutoka 9.00-20 kwenda 10.00-20 tofauti ni kama asilimia 3, na uwiano unaohitajika ni 6.37 hivi, kati ya 6.17 na 6.50. Hapo chama hufanya vema kubaki na difu yake, kusahihisha daftari, na kupunguza mzigo kidogo milimani.

Masharti ya kubadili

Krauni na pinioni hununuliwa pamoja zikiwa jozi, kwani zimesagwa zikaumana zenyewe kwa zenyewe. Kuchanganya krauni ya jozi moja na pinioni ya jozi nyingine ni kununua mvumo na meno yaliyokatika. Aidha, si kila jozi huingia katika kila difu, hivyo namba ya ekseli ipelekwe kwa muuza vipuri kabla ya malipo. Ufungaji ni kazi ya fundi mwenye ujuzi na vipimo, maana nafasi kati ya meno na jinsi yanavyogusana lazima virekebishwe kwa usahihi. Oili mpya ya difu iwe ya aina iliyotajwa na kiwanda, na safari za mwanzo ziwe na mzigo mwepesi.

Wapo wanaonunua difu nzima iliyotumika, nayo huweza kuwa njia ya nafuu. Lakini meno yahesabiwe mbele ya mnunuzi, kwa kuwa difu mbili za lori la jina moja huweza kufanana kwa nje na kutofautiana uwiano. Lori linalovuta pia kwa ekseli ya mbele libadilishwe ekseli zote mbili kwa uwiano ule ule, na lile lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta vivyo hivyo. Likibadilishwa moja tu, ekseli zitashindana na kuvunja gia.

Tairi zenyewe nazo zina masharti. Rimu ya kawaida ya 9.00-20 ina upana wa inchi 7.0, ilhali ya 11.00-20 ni inchi 8.0. Tairi pacha za nyuma zisigusane zikiwa na mzigo, na za mbele zisikwaruze springi wala madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho. Tairi za saizi mbili tofauti zisichanganywe katika ekseli moja.

Lisilotibiwa na difu

Ni muhimu kamati ielewe mipaka ya matengenezo haya. Difu mpya hurudisha nguvu ya kupanda, huokoa klachi, husahihisha spidomita, na huirudishia injini uwezo wa kuzuia lori mteremkoni. Haiongezi nguvu ya breki za magurudumu. Upungufu ule wa asilimia 6 hubaki palepale. Vilevile tairi kubwa haziongezi uzito ulioruhusiwa, kwani chesisi, springi, ekseli na breki ni zile zile. Kupakia magunia zaidi kwa hoja kwamba tairi zimekuwa nene ni kuhatarisha maisha ya dereva, utingo na kila aliye chini ya mlima.

Endapo fedha za difu hazipo, njia salama ni kubaki na saizi iliyoandikwa na kiwanda. Shida ikiwa ni matope, dawa yake mara nyingi ni tairi za saizi ile ile zenye makucha marefu, minyororo ya magurudumu, na mzigo mwepesi katika wiki za mvua. Sentimita tatu za kuinuka haziwezi kufanya kazi ya makucha.

Kwa hiyo katibu anayepeleka mbele ya kamati ombi la kununua tairi za saizi nyingine apeleke pamoja nalo karatasi moja yenye mambo haya: mzingo wa tairi za zamani na wa mpya, uwiano wa difu uliopo na unaohitajika, bei ya tairi, rimu, jozi ya gia na ufundi, na bei ya tairi za saizi ya kiwanda kwa kulinganisha. Jumla hizo mbili zikiandikwa bega kwa bega, wajumbe wataona gharama yote ya kila njia, na uamuzi utakaofuata utakuwa wa watu waliojua walichokuwa wakikinunua.